Kambare Wamehongwa

Jumanne, 12 Novemba

Jirani yangu Lamduan amechungulia tena uani kwangu. Kajidai anaanika nguo. Nani huanika nguo mawingu yametanda? Anapeleleza krathong yangu, chelezo kidogo cha mshumaa nitakachokiachia mtoni kwenye sikukuu ya Ijumaa. Ng'o! Mwaka jana mshumaa wake ulifika darajani wa kwanza, akapewa kibanda cha langoni mwa hekalu. Mwaka mzima vitumbua vyake vya nazi vinagombewa, ndizi zangu za kukaanga zinapoa uchochoroni. Safari hii kibanda ni changu. Wengine watakata mgomba wa kuundia zao kama babu zao. Mimi naunda krathong ya mkate! Nyepesi, itazipita zote. Siri hii anaijua mke wangu Saengdao tu. Naye simwamini sana. Huwa anacheka na Lamduan sokoni.

Jumatano, 13 Novemba

Mbinu ya pili! Lamduan huiachia krathong yake mtoni kwenye ngazi ya chini, mbele kidogo ya yangu. Jioni nimekwenda pale kuwarushia kambare wa hekalu mabaki ya mkate. Wakizoea, Ijumaa watajazana hapo na kuipindua krathong yake. Mtawa mmoja kanisifu kwa kuwahurumia viumbe. Nikainamisha kichwa. Katumwa na nani?

Alhamisi, 14 Novemba

Kambare walikuwa wananingoja. Wameongezeka! Lamduan kanikuta hapo, akasema kaka, kumbe una roho nzuri hivi, mbona unaificha? Kanipa vitumbua. Nimemwonjesha mbwa kwanza. Mbwa yu hai na anataka vingine. Hata hivyo sikula. Kuna sumu za kuchelewa.

Ijumaa, 15 Novemba. Mwezi mpevu.

Nilitia ubani, nikatia kucha na nywele zangu ili mikosi yote iende na maji. Nikaiachia. Ikaongoza! Watu wakashangilia! Ikafika mbele ya ngazi ya Lamduan, na maji yakachemka. Kambare! Wakaimaliza kufumba na kufumbua, mkate, nywele na kucha. Mshumaa ukazama. Krathong ya Lamduan ikapita taratibu hadi darajani, ya kwanza tena, hakuna hata samaki aliyeigusa. Wote walikuwa wameshiba. Saengdao akaniuliza mbele za watu, je, mikosi yangu sasa imo tumboni mwa samaki au inarudi nasi nyumbani? Watu wakashika mbavu. Mimi machozi yalinilenga. Nilikitaka sana kibanda kile.

Jumamosi, 16 Novemba

Lamduan kaja asubuhi. Eti kibanda ni kikubwa, hawezi kukijaza peke yake, nipeleke karai langu la ndizi tukae pamoja, kaka, watu wakila vitumbua watataka na ndizi. Saengdao akanikanyaga mguu nikubali. Nani hugawa nusu ya kibanda bure? Nimekataa! Tena nimemuuliza aliwahonga nini wale kambare. Akaondoka. Saengdao hasemi nami tangu hapo.

Na waungane! Mwakani nitaunda krathong ya mkate mara tatu ya ile. Kambare washibe, na ibaki ya kufika darajani. Unga nimeshaagiza. Sasa hivi nakwenda mtoni, nisije nikasahauliwa na wale samaki.