Mama Mkwe Azimia Hewani

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa chuo chetu cha uuguzi ametangaza: mwalimu atakayetazamwa zaidi mitandaoni ndiye atakayeongoza kitengo kipya cha masomo ya mtandao. Cheo hicho ni changu! Kikwazo ni mwalimu wa mifupa, tunayemwita Fuvu. Anacheza dansi na mifupa ya plastiki, wanafunzi hoi kwa kicheko. Ualimu gani huo? Nimerusha mhadhara wangu wa figo. Saa nzima. Ameutazama mke wangu tu, tena kwa bahati mbaya.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Huduma ya kwanza kwa aliyezimia. Lakini nani azimie? Mke amekataa katakata, ana zamu wodini. Mama yake, aliyekuja kututembelea, akasema kwani yeye ana kazi gani. Akajipaka wanja na rangi ya mdomo. Nikamweleza kwa adabu kwamba watu hawazimii hivyo. Akajibu kuwa yeye akizimia, atazimia akiwa nadhifu.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Tulikuwa hewani. Nikamlaza ubavu, nikaeleza kwamba mgonjwa hasikii na asipewe maji. Mama mkwe akafumbua jicho moja. “Mwanangu, goti hilo ni bovu, lishike polepole. Na hayo maji mbona unaninyima?” Fuvu akaandika pale chini ya video kwamba mgonjwa wangu amefufuka.

Jumamosi, 8 Machi
Maelfu wametazama! Wote wanamuulizia mama. Mimi wananiita “yule kaka mnyima maji”. Nikanuna, nikasusa chakula. Mama mkwe akaniletea chai chumbani, akasema anawaambia wote kwamba aliyemzimisha ni mkwewe. Chozi lilinilenga. Vumbi tu.

Jumatatu, 10 Machi
Binti wa mwaka wa kwanza amekuja ofisini akilia. Baba yake alianguka bafuni, akazimia. Majirani wakaja na maji. Akamkumbuka mama aliyenyimwa, akawazuia, akamlaza baba ubavu mpaka gari la wagonjwa likafika. Mzee yuko hai! Fuvu mwenyewe alinipa mkono, macho mekundu. Mkuu ameamua tuongoze kitengo pamoja, mama mkwe awe mgonjwa rasmi.

Jumanne, 11 Machi
Nimetafakari sana siri ya mafanikio haya. Ni sauti yangu! Kesho nafundisha peke yangu, bila mifupa, bila mama mkwe. Saa mbili mfululizo, nimesimama, kuhusu ini. Nimempa mama mkwe habari hiyo, amecheka mpaka akashika ukuta. Furaha hiyo! Nani asiyependa ini?