Obiero Hakuwa Mzigo

Kwako Bwana Msimamizi wa nyumba ya vitu vya wazee, huko kisiwani.

Pokea salamu zangu, ingawa hukuzifanyia kazi. Mimi ni Anyango nyar Alego, yaani binti wa Alego, niliyeolewa hapa Asembo Bay katika nyumba ya Obiero. Wiki iliyopita nilikuja na kina mama wa kanisa kuona mashua ya wazee waliovuka ziwa. Nimerudi na mambo haya.

1. Kibao chako. Wapiga kasia wote umewataja kwa majina na majina ya baba zao. Halafu huku chini kabisa: "Abiria: Obiero. Pia mbuzi na mtama." Bwana, hata mbuzi umemweka karibu na mzee wetu kuliko watu!

2. Zile sanamu. Wapiga kasia wamechongwa mikono kama nguzo za stima. Obiero ameketi katikati, mikono magotini, kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Nilimwuliza Valarie, yule msichana wako wa kuonyesha wageni, ni nani aliamua hivyo. Akaniita dani, yaani bibi, akasema hata katika kuvuka kuna watu wa kukaa tu. Mtoto huyo amesomeshwa mdomo, masikio yakasahauliwa.

3. Mwanangu Okeyo anagombea uenyekiti wa wavuvi hapa ufuoni. Kura ni Jumamosi. Kampeni yake yote ni moja, kwamba sisi ni damu ya nahodha aliyewaleta wazee. Sasa watu wa Wasike, mpinzani wake, wamepiga picha kibao chako na kuituma kwa kila simu. Okeyo akipita wanaanua nyavu wakipiga kelele: "Pisheni abiria! Mpeni siti ya dirishani!" Jana mama mmoja muuza omena alimwuliza kama mbuzi hajambo. Akishindwa Jumamosi, ni wewe umemshinda, na wewe huna hata kura hapa.

4. Habari hizi ulipewa na nani? Na wajukuu wa wapiga kasia! Ulitarajia waseme nini? Mimi sikusoma sana, lakini nina macho. Mpiga kasia anaona mgongo wa mwenzake tu. Asiye na kasia ndiye anaona mbele. Kwa hiyo Obiero ndiye aliyekuwa anaonyesha njia. Bila yeye wangezunguka pale pale kama kuku aliyekatwa kichwa. Kwa hiyo wao ndio walioletwa. Kwa hiyo mizigo ni wao, na kisiwa chote hicho mmekaribishwa na sisi, na hamjawahi kusema asante.

5. Kwa hiyo, kabla ya Jumamosi, ondoa "abiria" uandike "nahodha". Msogeze mbele kabisa, umnyooshe mkono mmoja. Mpe na kofia. Mbuzi mwondoe, au umwandike na wale wa kasia, wanafanana.

Nisalimie walinzi wako, wapishi, na hao wajukuu wa kasia wote, kila mmoja kwa jina la baba yake kama mnavyopenda. Valarie mwambie aolewe vizuri, mbali na maji.

Ni mimi niliyekasirika kwa heshima,
Anyango nyar Alego

Nyongeza: Ukiona ni lazima tuzungumze, njoo wewe huku. Mimi sirudi. Siku ile nilivuka nimelala chini ya boti, leso usoni, nikiita mama yangu aliyekufa. Okeyo alikuja nami ili anishike mkono, lakini alikuwa akitapika upande wa pili. Samaki yeye hununua tu, akiwa nchi kavu. Marehemu baba yake alikuwa vivyo hivyo, na babu yake pia, ziwa walikuwa wanaligeuzia mgongo. Basi, kibao kikikataa kubadilishwa, ongeza tu kwamba Obiero hakulia. Katika nyumba yetu huo ni unahodha tosha.