Suluhu Auza Kibao cha Mlango

Wapo wanaokula kwa jasho lao, na wapo wanaokula kwa jasho la wenzao. Suluhu hakupenda habari za jasho kabisa. Yeye alikula kwa mdomo. Kutwa alikaa kwenye kibanda chake chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, mbele yake kompyuta tatu zilizopasuliwa matumbo, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani. Ufundi wake wenyewe ulikuwa wa kufungua skrubu, kupuliza vumbi, kuzima na kuwasha. Yaliyobaki aliyamaliza kwa maneno, na kwa maneno, tuseme haki, jamaa alikuwa na shahada.

Jumatatu asubuhi akamwona mama mmoja wa miwani anakuja taratibu, amekumbatia kompyuta iliyofunikwa shuka. Suluhu alipoona lile shuka, moyo wake ukacheka. Mtu anayeivika kompyuta shuka ana kitu ndani yake anachokipenda, na mwenye kitu anachokipenda hajui kubishana bei. Akasimama, akampokea mzigo, akampangusia kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Yule mama alikuwa mdarizi. Yeye na wifi yake walikuwa na karakana ghorofani mtaa wa pili, wanadarizi nembo na majina kwenye sare za watu. Akaeleza kwamba kompyuta inakoroma tangu wiki iliyopita, na mara nyingine inaganda.

"Ina mifumo miwili," akaendelea. "Ukiiwasha inakuuliza uingie upi. Ule wa zamani ndio unaoelewana na mashine yangu ya kudarizi, huu mpya mashine haitaki hata kuusikia. Sasa ndani kuna diski mbili, na ile..."

Suluhu akainua kiganja. "Mama, ukienda hospitali, huwa unamwonyesha daktari figo zilipo?"

Mama akacheka, akanyamaza. Nawaomba mkumbuke kwamba alinyamazishwa, maana mwenye nia ya kusema alikuwa nayo.

Alichosisitiza ni kimoja tu: nakshi zake zisipotee. Zilikuwa kazi ya miaka kumi na tisa, maua, nembo, herufi za kila namna. Nyingi alizitengeneza na marehemu mumewe, mume anachora, yeye anahesabu mishono. Na Ijumaa hii alitakiwa kukabidhi sare arobaini za wauguzi wanaohitimu, zenye nembo ya chuo chao. Akishindwa, kazi inahamia kwa Bwana Sare, yule mwenye duka kubwa la sare kule kwenye kona, ambaye ameshaziulizia hizo nakshi mara tatu azinunue, na mara tatu amekataliwa.

Hapo ndipo mama wa watu alipoteleza. Ukimwambia mjanja unachokipenda, umempa kamba. Ukimwambia na mwingine anayekitaka, umempa na mahali pa kuifunga.

Alipoondoka tu, Suluhu akaifungua. Kweli, diski mbili. Moja kubwa, ya zamani, imevaa vumbi kama kabati la marehemu. Nyingine ndogo, nyembamba, inang'aa, na ndiyo iliyokuwa ikikoroma. Akaiwasha kompyuta kama ilivyo. Skrini ikamletea orodha ya mistari miwili: MPYA, na chini yake, NAKSHI. Akachagua NAKSHI. Baada ya kukoroma kidogo, maua yakajaa kwenye skrini, na nembo ya wauguzi katikati yao.

Akaizima, akachomoa ile ndogo, akawasha tena. Skrini nyeusi, hakuna orodha, hakuna NAKSHI, kijistari tu kinapepesa. Akairudisha, orodha ikarudi. Akaichomoa, ikapotea. Suluhu akajipiga kifua. Ushahidi gani tena? Hata mahakamani ungepita. Nakshi zote zilikuwa kwenye diski ndogo, na lile kubwa ni takataka iliyosahaulika humo ndani. Akalifungia palepale lilipo, akaweka diski nyingine ya mtumba badala ya ndogo, akaipandikizia mfumo mpya peke yake, akafunga skrubu huku anapiga mluzi.

Kabla ya jua kuzama alikuwa dukani kwa Bwana Sare. Bwana Sare alikuwa mtu wa tumbo la mbele na huruma ya nyuma. Suluhu akaipachika diski kwenye kompyuta ya dukani, akawasha, na orodha ikatokea: MPYA, NAKSHI. Bwana Sare akalisoma lile neno mara mbili, akameza mate. Akataka kulifungua hapohapo. Suluhu akamshika mkono kwa upole, akamweleza kuwa diski iliyotoka kufanyiwa upasuaji haisumbuliwi siku hiyohiyo, iachwe ipumzike mpaka keshokutwa. Bwana Sare, mtu mzima mwenye watoto wanne, akakubali. Akalipa, na bei nzuri. Tamaa ni ugonjwa usiochagua umri.

Jumanne mdarizi akaja kuchukua mgonjwa wake. Suluhu alimpokea akiwa amevua kofia.

"Mama, kompyuta imepona," akasema. "Ila diski yako ilifia mikononi mwangu, na nakshi zimekwenda nayo. Pole sana."

Mama hakulia mbele yake. Aliuliza kama anaweza kupewa hiyo diski, hata kama imekufa. Suluhu akamwambia vitu hivyo vina sumu, havikai, ameshavitupa. Mama akalipa, akabeba kompyuta yake, akaifunika shuka.

Alipofika karakana, ndipo alipolia. Wifi yake, mwanamke wa maneno makali anayejua kushona vifungo na kufumua uongo, alimkuta amekaa chini sakafuni, miwani mkononi. Alilia kwa ajili ya nakshi, na alilia kwa ajili ya mkono uliozichora, kwa sababu picha za marehemu alikuwa nazo mbili tu, lakini mistari yake alikuwa nayo mia tatu. Wifi akakaa naye sakafuni. Marehemu alikuwa kaka yake.

Baadaye mama akanawa uso, akaiwasha ile kompyuta, basi tu, aone kilichobaki. Ikaingia moja kwa moja kwenye mfumo mpya, bila kuuliza chochote. Akaizima, akaiwasha tena, akasikiliza. Kulikuwa na mvumo wa pili mle ndani, mzito, ambao aliuzoea.

"Wifi," akasema, "hebu nishikie taa. Kuna kitu kinazunguka humu."

Mtu aliyezoea kutafuta mshono mmoja uliokosewa kati ya elfu sita hatishwi na kompyuta. Akaiwasha na kabla picha ya kwanza haijatoka akabonyeza kile kitufe cha kuingilia kwenye mipangilio, kama mumewe alivyomfundisha. Ukurasa wa bluu ukafunguka. Hapo kompyuta inataja viungo vyake kimoja kimoja, haidanganyi wala haitafuni maneno: diski ya kwanza, ngeni, diski ya pili, ile kubwa, ipo, nzima. Kompyuta ilikuwa imeagizwa iamkie kwa ile ya kwanza. Mama akaipandisha kubwa juu, akahifadhi, akawasha upya.

Ikachukua muda wake, kama mzee anayetafuta viatu. Kisha mfumo wa zamani ukafunguka, na maua yote yakawa mahali pake.

Wifi akataka kuruka. Mama akamzuia, akaeleza alichokielewa. Mfumo wa zamani na nakshi siku zote vilikaa kwenye diski kubwa. Ile ndogo iliongezwa baadaye na mfumo mpya, na pamoja nao ikaletwa ile orodha ya kuuliza unataka kuingia wapi. Kwa hiyo fundi amechomoa orodha, nakshi kaziacha.

"Lakini diski mbovu inayokoroma haina faida kwake," akasema mama. "Kwa nini amekataa kunipa?"

Jibu lilikuja Jumatano asubuhi kwa miguu yake lenyewe. Bwana Sare alisimama mlangoni, hodi hapigi, akampa pole mama kwa kupotelewa na nakshi zake, akasema kama kazi ya wauguzi imekuwa nzito yeye yupo tayari kusaidia. Mama akashukuru kwa unyonge. Bwana Sare alipoteremka, mawifi wakatazamana. Msiba ule hawakuwa wamemtangazia mtu. Aliyekuwa anaujua ni aliyeusababisha.

Sasa turudi kwa Suluhu, maana huko nako hali ilikuwa ya moto. Jumatano hiyo Bwana Sare alirudi dukani akalifungua lile neno NAKSHI, na badala ya maua alipata skrini nyeusi yenye maneno machache ya kusema kinachotafutwa hakipo. Akafanya hivyo mara kumi na moja, kisha akamfuata Suluhu chini ya ngazi, akamshika ukosi. Suluhu akaapa, na kwa mara ya kwanza mwaka huo kiapo chake kilikuwa cha kweli, kwamba aliziona nakshi hizo kwa macho yake mawili. Basi kuna kitu kimebaki kule kwa mama, akasema. Ampe siku moja.

Siku hiyohiyo wifi akapita kibandani kununua waya, hana haraka. Suluhu akamuuliza habari za mgonjwa. Wifi akapumua kwa huzuni. Akasema kule karakana kuko kimya. Akasema nakshi zote zile zilizaliwa kwenye mashine yao ya kwanza ya kudarizi, ile iliyo kwenye kona, na kwamba wifi yake sasa anafikiria kuiuza tu, imtoke machoni. Hakusema uongo hata mmoja. Akalipia waya, akaenda zake.

Suluhu akaona mwanga. Kumbe ni mashine! Mama mwenyewe si alisema mfumo wa zamani unaelewana na mashine? Ndugu zangu, mtu mwenye akili ndogo akipata wazo kubwa, mpisheni njia.

Nusu saa baadaye alikuwa karakana, eti anatafuta mashine ya kumnunulia shangazi yake anayejifunza kudarizi. Mama akamwonyesha ile ya kona, chuma kitupu, kizito kama ng'ombe aliyelala.

"Fundi, sikufichi," mama akamwambia. "Hii haiwaki. Imeungua tangu mwaka juzi."

"Haidhuru, mama."

"Na kompyuta haiisikii tena."

"Shangazi ana subira," akasema Suluhu, na moyoni akamwonea huruma mama huyu asiyejua thamani ya kitu chake.

Mama akataja bei ambayo hata wifi, mle ndani, aliziba mdomo kwa kitambaa. Suluhu akatoa pesa zote alizopewa na Bwana Sare na juu yake akaongeza akiba yake yote, akiamini kesho zinarudi mara tatu. Akaandikiwa stakabadhi: imeuzwa ikiwa imeharibika, mnunuzi ameambiwa. Akatia sahihi kwa mbwembwe.

Alhamisi yote waliifungua ile mashine wasikute kitu ila vumbi na nyaya zilizoungua, kwa hiyo Ijumaa mchana wakapanda ngazi za karakana wote wawili kuirudisha, Suluhu mbele, Bwana Sare nyuma, mashine katikati, jasho linawatoka. Ndiyo, hata Suluhu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mashine ya pili ilikuwa inapiga mishono bila kupumua, sare thelathini na mbili zimekunjwa mezani, nembo za chuo vifuani, na kwenye skrini maua yamejaa.

Suluhu akaachia upande wake. Chuma kikamwangukia Bwana Sare kidole cha mguu.

"Hizo umezitoa wapi?" akauliza.

"Hazikutoka," akasema mama, bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Zipo kwenye diski ile kubwa uliyoiacha. Ile uliyoiuza ni ya kuuliza tu unaingia wapi. Umemuuzia mwenzako kibao cha mlango, fundi. Nyumba hukuigusa. Nilitaka kukueleza Jumatatu."

Bwana Sare alimgeukia Suluhu polepole. Suluhu akafungua kinywa, kile kinywa chenye shahada, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena, akafanikiwa kusema kwamba mashine irudishwe. Mama akamwonyesha stakabadhi na sahihi yake. Akaongeza kwamba kama wanataka diski iliyoibwa izungumzwe, yeye yupo tayari, na kituo cha polisi kiko karibu, ila aliyeiiba na aliyeinunua watatakiwa kwenda pamoja. Bwana Sare akasema yeye ana mguu mbovu. Wakainyanyua tena mashine, wakashuka nayo, na ngazi nzima ikawasikia wakibishana ni ya nani.

Wifi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alipogeuka kumwita wifi yake wacheke wote, akamkuta amesimamisha mashine, machozi yanamtiririka.

"Sasa nini tena, wifi? Si tumeshinda?"

"Ile Jumanne niliamini," akasema mama. "Nilijua kaka yako amekufa mara ya pili, na safari hii ni mimi niliyembeba kwa mikono yangu mwenyewe nikampeleka."

Wifi akavuta kiti, akaketi karibu naye, akachukua sare ya thelathini na nne, akaitandika chini ya sindano, akainyoosha kola vizuri kwa kiganja.

"Haya," akasema. "Mwashe kaka, achore."