Namna ya Kumwambia Mama Mkwe Habari za Ugali

Jumatatu, 11 Agosti
Sukari ya Nekesa asubuhi: 14.2. Ajabu! Nyumbani humu hatujasonga ugali tangu Julai. Mke wangu anakula mayai, sukuma na kunde. (Mimi ugali wangu naula kazini, kimya kimya.) Inatoka wapi basi? Kidonda chake cha kidole cha mguu wiki ya tatu hakijapona. Daktari amesema Jumatatu ijayo sukari isiposhuka, tunaanza sindano za insulini. Naogopa. Nekesa hajui jinsi ninavyoogopa.

Jumanne, 12 Agosti
Uchunguzi. Saa nne Nekesa alivuka kwa kaka yake, Wabuge, jirani yetu hapa Kapseret. Nikachungulia kwenye ua. Mama yao amekuja kutoka Bungoma! Mbele ya mke wangu, ugali mkubwa na omena. Nikamsikia mama akisema mayai ya Khisa si chakula.

Khisa ni mimi. Na huyo ni mama mkwe. Kwetu Wabukusu sisi wawili hatupeani mikono, hatuli pamoja, hatuzungumzi uso kwa uso. Nitamkanyaje mtu nisiyeruhusiwa hata kumtazama?

Jumatano, 13 Agosti
Nimepata! Nilifunga ng'ombe karibu na ua, nikamweleza kwa sauti kubwa madhara ya ugali kwa mwenye sukari. Ng'ombe alitulia. Upande wa pili mama mkwe akaanza kuzungumza na kuku wake. Aliwaambia kuna mwanamume anamnyima binti yake chakula, na sasa ameanza kuhutubia mifugo.

Jioni Nekesa aliniuliza kama nina homa.

Alhamisi, 14 Agosti
Nilimtuma Obiero, mzee wa kanisa, akaseme na mama mkwe kwa hekima. Alikaa saa mbili. Alirudi akifuta mdomo. Eti hakupata nafasi ya kuanza, ugali ulikuwa wa moto. Ila waliomba pamoja. Nikamuuliza waliomba nini. Akasema waliniombea mimi, upande wa kichwa.

Baadaye Wabuge akaja na uso mzito. Kikao cha familia ni Jumamosi. Ajenda: kwa nini Khisa anamnyima mkewe chakula.

Ijumaa, 15 Agosti
15.1! Nimetayarisha hotuba, kurasa nne. Ya tatu ni ya kongosho peke yake.

Jumamosi, 16 Agosti
Kikao kwa Wabuge. Mama mkwe alikaa jikoni nyuma ya pazia, mimi sebuleni nikitazama ukuta. Heshima. Nilikuwa bado kwenye salamu za ukurasa wa kwanza Nekesa alipovua kiatu, akaingia jikoni akichechemea.

Nikamsikia akisema, "Mama, ni mimi niko na sukari. Khisa hajaninyima kitu. Nikiendelea na hii ugali, watanikata mguu."

Basi. Hayo tu. Mama mkwe akalia. Nami nikalia, nikitazama ukuta. Nilipomuuliza Nekesa kwa nini hakusema mapema, alijibu kwamba aliona aibu kukataa chakula cha mama yake. Kisha akaniuliza kwa nini mimi sikumuuliza yeye kwanza, badala ya kwenda kwa ng'ombe. Kurasa tatu zimebaki bila kusomwa.

Jumatatu, 18 Agosti
9.8! Daktari ameahirisha sindano, turudi baada ya wiki mbili. Kidonda kimeanza kukauka pembeni. Nilitaka kuruka pale pale kliniki. Mama mkwe sasa anatuletea kuku na kunde, bila ugali hata tonge moja.

Nekesa ananiambia mama yake anakunywa maji jagi baada ya jagi, na nyayo zinamwaka moto. Dalili hizo nazijua! Lazima apimwe sukari, tena haraka. Ningeweza kumwomba Nekesa amwambie. Ni sentensi moja tu.

Lakini jambo zito namna hii huwezi kuliachia sentensi moja. Nimefungua ukurasa mpya na kuandika juu kabisa: Mpango wa Kwanza.