Malalamiko ya Muhuri Uliokosa Kazi

Kishanda, Muleba
9 Machi 1954

Kwa Bwana Mganga Mkuu wa Wilaya, Bukoba

Bwana mheshimiwa,

Mimi ni Rugaibula, mkuu wa kijiji hiki, na ninakuandikia nikiwa na afya ya kutosha na hasira kupita kiasi. Namlalamikia Dakta Lukmani, kijana uliyetuletea kutoka Bukoba mjini. Anatibu wanawake kabla ya kuwahoji!

Labda hujui utaratibu wetu. Enzi za Dakta Byarugaba, ambaye sasa amestaafu na analima kahawa yake Izimbya, mwanamke aliyeharibikiwa na mimba alibebwa kwenye machela mpaka kwangu kwanza. Niliita mashahidi watatu na mama mkwe wake, tukamhoji kama mimba ilitoka kwa mapenzi ya Mungu au kwa dawa za vichakani. Tukiridhika, nilimpa barua yenye muhuri. Dakta Byarugaba aliisoma mara mbili, akafuta miwani, ndipo akanawa mikono. Wawili walifia uani kwangu, lakini barua zao zilikuwa zimekamilika.

Sasa yasikie maovu ya Lukmani:

1. Hasomi. Nilimpelekea Celina, mke wa jirani yangu, ambaye mimba ilimtoka, pamoja na barua ya kurasa mbili. Aliiwekea beseni juu.

2. Wanawake wanapona. Siku ya nne Celina alipita hapa kwa miguu, mzigo wa ndizi kichwani, akanisalimia. Nilijaribu kumhoji upya. Bwana, mtu mwenye afya ni shida kumhoji. Anajibu!

3. Muhuri wangu hauna kazi. Barua hii nimeigonga mara nne ili usikauke, kwa hiyo usishtuke.

4. Hili ndilo lililoniuma. Nilikwenda kwake na ngiri ya kinenani. Akaniuliza, kwa adabu zote, iko wapi barua ya mke wangu yenye mashahidi watatu, kwamba ngiri hiyo sikujitakia. Wagonjwa wote ukumbini walicheka, hata mwenye jino. Kisha akanipangia siku ya kupasuliwa huko kwenu. Nilipomwomba mke wangu Kemilembe hiyo barua, kwa tahadhari tu, alisema atafikiria mpaka mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo naomba Lukmani ahamishwe upesi, nami nipewe kiti mlangoni mwa zahanati, kiwe na mgongo, ili wanaovuja damu wapange foleni kwangu kwa utulivu.

Msalimie mama watoto, makarani wote, na yule mpishi aliyenipa chai mwaka juzi.

Ni mimi mtumishi wako mwenye uchungu,
Rugaibula

Nyongeza: Barua hii imechelewa siku mbili. Juzi nilipokuwa naifunga, binti yangu wa mwisho, Kokushubila, ambaye hajaolewa, alikutwa migombani amelala katika damu. Nilikimbia mbele ya machela na ngiri yangu, bila barua, bila shahidi, nikampigia Lukmani magoti. Alichoniambia ni nimpishe anawe mikono. Leo asubuhi mtoto amekunywa uji mabakuli mawili, na sasa anadai senene, wale panzi wa kukaanga!

Tafadhali usimhamishe Lukmani. Kiti nacho sikitaki. Ningeichana barua hii, ila tangu nipewe kazi sijawahi kuchana karatasi yenye muhuri wangu. Lukmani hakumwuliza Kokushubila neno lolote. Na mimi sijamwuliza.