Kiti cha Kijani cha Bibi

Jumatano, 6 Agosti

Kiti kimekamilika. Kochi la mtu mmoja, velveti ya kijani, springi mpya, sponji ya kuzama. Sijawahi kutengeneza kizuri zaidi, na mimi ni fundi makochi wa siku nyingi.

Jumamosi Bibi, mzaa mama, anatimiza miaka tisini na ukoo mzima unakutana kwake. Patapigwa picha. Mpango: Bibi akae kwenye kiti changu, mimi nisimame ubavuni, watu waulize ni kazi ya nani. Picha ya sherehe iliyopita nilitokea sikio tu. Tena Bibi huniita majina ya wajukuu wengine wote kabla ya kulifikia langu. Siku nyingine huchoka njiani, akaniita “wewe”.

Adui ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Tunamwita Meneja kwa jinsi anavyokunja mikono ya shati. Kapiga simu kusema ana zawadi itakayotuacha midomo wazi. Zawadi gani? Nimewaza mpaka nimejigonga kidole kwa nyundo.

Mke wangu kauliza kwa nini nisimpelekee Bibi shali. Shali haionekani kwenye picha!

Alhamisi, 7 Agosti

Stesheni. Kiti kimegoma mlangoni mwa behewa. Nimekigeuza, nimekilaza, nimekibembeleza, kimeingia. Kondakta akasema huo ni mzigo, uende behewa la mizigo. Nikamwambia ni kiti cha mgonjwa. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Swali zuri. Nikakaa, nikaanza kukohoa.

Tumewekwa kwenye ujia, jirani na choo. Kila anayebanwa anapanda juu ya magoti yangu. Mke wangu amekaa mbali na anajifanya hatujuani.

Mchana akapanda mzee mmoja, fimbo mkononi, mfuko begani. Akaomba apumzike kidogo. Mgonjwa halisi huyo! Nikampisha haraka. Kondakta ameridhika. Mimi nimesimama.

Ijumaa, 8 Agosti

Mzee bado amekaa. Ana maswali kama karani wa sensa. Tunakwenda wapi? Kiti cha nani? Nikamweleza habari za Bibi. Akataka kujua kama bado anafunika mdomo akicheka. Bado, nikasema. Na bado anaimba akiwa amekasirika? Bado.

Nikashtuka. Kayajuaje? Nikamuuliza yeye ni nani. Akasema ni mtu wa zamani tu. Kisha akaingiza vidole chini ya kiti, akapapasa springi. Hapo nikaelewa. Fundi mwenzangu! Mpelelezi wa Meneja! Zawadi ya Meneja ni kiti, na mzee katumwa kuchungulia cha kwangu.

Nikabadilisha mazungumzo. Nikamsimulia kwamba Bibi ana mdogo wake wa kiume ambaye hata kumzika baba yao hakuja, na kwamba Mama husema mtu huyo ana moyo wa jiwe. Mzee akageukia dirisha. Nikadhani treni inamchafua tumbo.

Aliponiuliza kwa Bibi mtu hushukia wapi, nikamwambia stesheni inayotangulia ya kwetu. Mpelelezi na apotee. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akashuka polepole. Nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Mke wangu ameacha kujifanya hatujuani ili apate kunigombeza.

Jumamosi, 9 Agosti

Kiti kimesafiri kwa mkokoteni. Mvua imetukuta njiani. Velveti imekunywa maji kama ngamia.

Tumefika, na nje ya lango la Bibi amesimama nani? Mpelelezi! Kumbe kutoka stesheni ile kuna njia ya mkato mpaka hapa. Alikuwa amelowa na hasogei, anatazama mlango tu. Nikamshika mkono, nikamburuta mpaka sebuleni, nikawatangazia ndugu wote kwamba huyu ndiye jasusi wa Meneja.

Mama akaangusha kijiko. Meneja akashangaa, na hakuwa akiigiza. Bibi akavaa miwani.

“Umechelewa,” akamwambia mzee.

“Nilikuwa nasubiri kuitwa, dada.”

“Na mimi nilikuwa nasubiri uje. Ona sasa, tumezeeka bure.”

Mdogo wake! Mwenye moyo wa jiwe mwenyewe, na machozi yanamtoka mpaka kwenye ndevu. Bibi akamkamata mkono wa koti, asiuachie tena. Mimi uso wangu ulikuwa na maji ya mvua tu. Naandika hivyo ili ieleweke.

Zawadi ya Meneja: keki yenye picha ya Bibi, na Meneja kando yake. Hakuna aliyeitazama.

Wakati wa picha, Bibi akaagiza kiti changu. Moyo ukaruka. Akamkalisha mdogo wake, mwenyewe akapanda juu ya mkono wa kiti kama msichana. Kiti kikabanwa, kikamwaga maji sakafuni. Nikainama kupangusa, na kamera ikalia. Safari hii hata sikio sikutokea.

Mzee akawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemwelekeza njia ya mkato, halafu nikamwingiza ndani miguu ilipomgomea. Mke wangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga kidogo.

Bibi akanitazama. Akaanza na jina la Meneja, akapita kwa wengine, akachoka.

“Ahsante, mwenye kiti,” akasema, akafunika mdomo, akacheka.

Jumapili, 10 Agosti

Treni ya kurudi. Kiti kimebaki kwa Bibi, nimepata pa kukaa na nafasi ya kutafakari.

Bibi kaniteua Mwenyekiti wa ukoo. Hadharani! Mke wangu anasema alimaanisha mwenye kile kiti. Wivu huo. Nimempigia Meneja kumjulisha kwamba zawadi zote sasa zinapitia kwangu. Amekata simu, bila shaka kwa heshima.

Ila kuna jambo linanitia hamu. Babu huyu mpya naye ana siku yake ya kuzaliwa, na nimemuuliza kwake kukoje. Amesema ni ng'ambo ya mto, daraja hakuna, watu huvuka kwa mtumbwi.

Nitamtengenezea kochi la watu watatu.