Saa ya Mkurugenzi na Ijumaa Isiyofika

Ndugu Mhariri,

Kwa heshima naomba nafasi ndogo nieleze tatizo la saa ya mkono ya Mkurugenzi wetu. Si saa mbaya. Mwili wake ni wa platini, kioo ni cha yakuti kisichokwaruzika, mkanda ni ngozi ya mamba, na usoni ina vidirisha vya siku, tarehe na mwezi. Inajua Februari ipi ni fupi na ipi ni ndefu, na haihitaji kurekebishwa mpaka mwaka 2100. Sharti lake ni moja: ivaliwe, kwa kuwa huendeshwa na mtikisiko wa mkono. Wiki iliyopita Mkurugenzi aliugua mafua, akaivua, ikasimama kabatini siku tatu. Alipopona akaivaa, ikaendelea pale ilipoachia. Ofisi nzima ikaendelea nayo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Leo ni Alhamisi kwa umma, lakini kwetu ni Jumatatu. Jumapili tulifika kazini sote, tai shingoni. Jana, Jumatano, geti lilifungwa kwa mapumziko ya Jumapili, na wananchi wakamgombeza mlinzi, ambaye hana saa.

2. Kalenda za ukutani zimeondolewa. Nilipoonyesha yangu kikaoni, Mkurugenzi alinitazama kwa huruma: "Mzee wangu, hii wameiunda mabingwa. Hiyo yako imetoka kiwanda cha magodoro." Katibu muhtasi alicheka kuliko wote, ingawa kalenda ile alinipa yeye.

3. Kuirekebisha ni kubonyeza kitufe kidogo ubavuni, siku moja kwa kila mbonyezo. Mkurugenzi hataki. Ikirekebishwa leo, anauliza, atakuwa amenunua nini? Afisa utumishi ametoa waraka kwamba dunia ndiyo iliyotangulia.

4. Binti yangu anaolewa Jumamosi hii. Likizo yangu inaanza Ijumaa, ambayo ofisini itafika Jumatatu yenu. Nikiondoka kesho, mimi ni mtoro. Nisipoondoka, binti ataingizwa ukumbini na baba yake mdogo, ambaye tayari ameshona suti na anajizoeza kutembea polepole.

Kwa hiyo naomba gazeti lako limshawishi Mkurugenzi abonyeze kitufe mara tatu. Ikishindikana, liiombe nchi isimame kidogo, itusubiri.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa na wauza magazeti, ambao kwao tayari ni Alhamisi.

Wako ninayeingoja Ijumaa,
Mkuu wa Masjala

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mke wangu amepiga simu. Fundi cherehani anasema gauni la bibi harusi halitakuwa tayari mpaka Jumanne. Jumanne yenu ndiyo Jumamosi yetu. Tafadhali barua hii usiichapishe. Badala yake waandikie wakwe zangu, wazazi wa bwana harusi, kwa karatasi yenye nembo ya gazeti, kwamba saa ya Mkurugenzi ni ya platini na haijawahi kukosea.